Tumbo Gumu kama Ubao

Mugunga ardhi haichimbiki. Anayejenga huko, magharibi ya Goma kwenye barabara ya Sake, hugundua siku ya kwanza kwamba jembe lake halina kazi. Chini ya vumbi jembamba kuna makoro, mawe meusi ya volkano yenye ncha kali kama vigae vya chupa. Shimo la choo ambalo kwenye udongo wa Rutshuru vijana wawili wangelimaliza upesi, hapa hudai mtarimbo, nyundo na siku nyingi, na likiisha linafika kiunoni tu. Kwa hiyo watu huinua choo juu ya ardhi. Husimamisha jukwaa la mbao, huzungushia shitingi, na kinachoshuka hujipenyeza katika nyufa za mawe hadi mvua ikisukume kuelekea Ziwa Kivu. Ziwani huko ndiko bidoni za njano zinakojazwa alfajiri.

Makala hii ni ya upasuaji wa matumbo, na msomaji ana haki ya kuuliza tunafanya nini chooni. Jibu ni kwamba daktari wa Goma anayefungua tumbo la mtoto usiku wa manane na kukuta utumbo mwembamba umetoboka, mara nyingi anatazama mwisho wa njia iliyoanzia kwenye jukwaa lile. Tundu lenyewe linashoneka. Mbinu ya kulishona ni ya zamani, nyuzi zipo, mikono inayojua kazi hiyo ipo Goma. Kwa nini basi watu bado wanakufa nalo? Hilo ndilo swali, na sehemu kubwa ya jibu lake haimo ndani ya chumba cha upasuaji.

Jina la Mugunga limo katika vitabu vya tiba tangu zamani, kwa sababu mbaya. Julai 1994, kati ya watu laki tano na laki nane walivuka kutoka Rwanda kuingia Kivu Kaskazini kwa siku chache, na sehemu yao wakapiga kambi juu ya makoro haya haya. Choo hakichimbiki, kaburi halichimbiki, maji ni ya ziwa. Kipindupindu kikaingia, kuhara damu kukafuata, na katika mwezi wa kwanza karibu watu 50,000 walikufa. Kambi ile ilisambaratika katika vita vya Novemba 1996, lakini mahali hapakupumzika. Kuanzia mwaka 2007 walikuja wakimbizi wa ndani, safari hii Wakongo wenyewe, kutoka Masisi na Rutshuru. Mei 22, 2021 volkano ya Nyiragongo ililipuka, uji wa moto ukaharibu tangi na mabomba ya maji ya mji, na watu karibu nusu milioni wakarudi kwenye maji ya ziwa. Kisha vita vya waasi wa M23 vikajaza tena hema Mugunga, Bulengo na Lac Vert, hadi kwenye mabonde ambako mazuku, ile hewa nzito isiyoonekana, huua mbuzi na hata mtu aliyejilaza vibaya. Nani angelala hapo kwa hiari?

Kipindupindu hakihitaji kisu. Kinahitaji maji yenye chumvi na sukari, serumu kwa aliyezidiwa, na haraka. Lakini kuna ndugu yake anayepita njia ile ile, kutoka kinyesi hadi bidoni hadi mdomoni, naye ndiye anayemfikisha mtu mezani kwa mpasuaji: homa ya matumbo, ambayo Goma nzima huiita tifoide.

Hapa pana mkanganyiko unaostahili kutazamwa. Mtaani, tifoide ni jina la karibu kila homa isiyokuwa malaria. Mtu akijisikia mchovu, kichwa kikimuuma, tumbo likimsumbua, hupimwa kwa kipimo cha Widal, ambacho hujibu “ndiyo” kirahisi mno kwa watu waliowahi kukutana na vimelea vya jamii hiyo zamani. Anapewa vidonge, au anavinunua mwenyewe dukani kwa kuhesabu, vinne leo na vinne pesa ikipatikana. Kipimo cha kuaminika, yaani kuotesha damu katika maabara, kinahitaji vifaa, umeme usiokatika na siku kadhaa za kungoja, na vituo vingi vya afya havina hata kimoja kati ya hivyo. Kwa hiyo mtu anaweza kutibiwa tifoide mara tatu asiyokuwa nayo, na mara ya nne ikawa ya kweli, tena imekutana na vidudu vilivyozoea dawa. Sioni haja ya kumlaumu mwenye duka la dawa. Ndiye pekee aliye wazi saa mbili usiku.

Ugonjwa ukiwa wa kweli na usipotibiwa vizuri, vimelea hujikusanya katika vifundo vya kinga vilivyomo kwenye ukuta wa utumbo mwembamba, hasa kipande chake cha mwisho kabla ya kuungana na utumbo mpana. Vifundo huvimba, huoza, na kwa kawaida katika wiki ya pili au ya tatu kimoja hutoboka. Tundu laweza kuwa dogo kuliko shanga. Kinachopitia hapo ni kinyesi laini na usaha, vinamwagika katika uwazi wa tumbo ambao hauna kinga dhidi yake. Hiyo ndiyo peritoniti.

Dalili zake hazihitaji mashine. Mtoto aliyekuwa akilia huacha kulia, kwa sababu kulia kunatikisa tumbo. Hulala chali, magoti juu, anapumua kwa kifua tu. Ukiweka kiganja tumboni unakuta limekaza kama ubao, na ukikiondoa ghafla uso wake unakunjamana. Macho yameingia ndani, mikono baridi, mapigo ya moyo mbio. Mama mwenye uzoefu hutambua kwamba hali imebadilika, ingawa hajui jina. Kuanzia hapo hesabu haiendi tena kwa siku, inakwenda kwa saa.

Ni saa zipi hizo? Wadenmarki waliwahi kuzipima. Walifuatilia wagonjwa 2,668 waliopasuliwa kwa vidonda vya tumbo vilivyotoboka kati ya 2003 na 2009, wakakuta kwamba kila saa moja ya kuchelewa, kuanzia kufika hospitali hadi kupasuliwa, ilipunguza uwezekano wa kupona kwa asilimia 2.4. Ugonjwa ni tofauti, lakini tumbo lililochafuka ni tumbo lililochafuka. Na wao walianza kuhesabu mlangoni pa hospitali, katika nchi ya lami na magari ya wagonjwa. Mugunga, kambi zilipokuwapo, saa ilianza ndani ya hema. Kwanza ni usiku, na barabara ina watu wenye bunduki. Asubuhi bibi anashauri mtoto apigwe bomba la dawa ya majani, jambo ambalo kwa tumbo lililotoboka ni kuongeza maji kwenye moto wa mafuta. Baadaye anapelekwa kituo cha afya, anawekewa serumu, anaangaliwa hadi kesho. Kesho inaandikwa karatasi ya kumhamishia hospitali kubwa, na hapo ndipo pesa ya moto inatafutwa: pikipiki yenye dereva, mgonjwa katikati, mama nyuma akishika chupa ya serumu juu, na kila jiwe la barabara linamfikia mtoto tumboni. Wakati anapolazwa mezani zimeshapita siku mbili au tatu.

Uzito wa tatizo la tifoide ulionekana wazi kwa jirani. Huko Kasese, magharibi ya Uganda, upande wa pili wa Ruwenzori kutoka Beni, mlipuko wa homa ya matumbo ulichunguzwa kuanzia mwishoni mwa Desemba 2007 hadi Julai 2009. Wachunguzi waliandikisha wagonjwa 577. Kati yao 249 matumbo yalikuwa yametoboka, na 47 walikufa. Namba hizo zisisomwe vibaya. Hazina maana kwamba tifoide hutoboa karibu nusu ya watu. Kwa kawaida hutoboa wachache sana kati ya mia. Maana yake ni kwamba maelfu ya waliougua kwa kiasi hawakuhesabiwa na yeyote, na mlipuko ulijulikana kwa sababu wapasuaji walianza kushangaa kwa nini wanashona matundu kila wiki. Kisu ndicho kilichokuwa maabara. Kinshasa nako, kati ya Septemba 2004 na Januari 2005, Shirika la Afya Duniani lilitaja wagonjwa 42,564, vifo 214, na peritoniti au kutoboka kwa utumbo mara 696. Hakuna mji wenye wapasuaji wa kutosha kwa dharura mia saba za ziada katika miezi michache.

Si tifoide peke yake, bila shaka. Kuna minyoo inayojifunga fundo ndani ya utumbo wa mtoto hadi njia ikaziba. Kuna utumbo mpana unaojizungusha kama kamba, ugonjwa unaojulikana sana katika nyanda za juu za Afrika Mashariki. Kuna ngiri iliyobanwa, ambayo wasukuma chukudu, vile vyombo vya mbao vya magurudumu mawili vya kubebea mizigo, na wabeba mizigo huishi nayo miaka mingi wakiirudisha ndani kwa kidole, hadi siku inapokataa kurudi. Kidole tumbo nacho kipo, ingawa Denis Burkitt, mpasuaji aliyefanya kazi Uganda kwa miaka karibu ishirini tangu 1946, alishangaa jinsi kilivyokuwa nadra kwa wanavijiji ukilinganisha na Waingereza, akajenga juu yake nadharia yake maarufu kuhusu makapi katika chakula. Anayekula sombe, maharage na bugali humpa utumbo wake kazi ya kufanya. Mji ukibadilisha chakula, magonjwa nayo hubadilika.

Tusije tukadhani pia kwamba kufungua tumbo ni elimu iliyoshuka na ndege. Mwaka 1879, Mwingereza Robert Felkin alishuhudia Bunyoro, katika Uganda ya leo, mwanamke akipasuliwa ili mtoto atolewe, kwa ustadi ulioonyesha kuwa haikuwa mara ya kwanza. Pombe ya ndizi ilimlevya mzazi, na pombe hiyo hiyo ikaosha tumbo lake na mikono ya mpasuaji. Jeraha likabanwa kwa sindano za chuma na kupakwa dawa ya mizizi. Mama akapona. Wakati huo hospitali za Ulaya zenyewe zilikuwa bado zinabishana kama kuna haja ya kuosha mikono kwa dawa.

Nimeitaja pombe ya ndizi kwa sababu utafiti wenye faida kubwa zaidi wa upasuaji wa matumbo katika miaka ya karibuni umerudi pale pale, kwenye usafi wa mikono na vyombo. Kundi la GlobalSurg lilikusanya habari za wagonjwa 12,539 waliopasuliwa matumbo katika nchi 66, na mwaka 2018 likatoa matokeo: katika nchi zenye maendeleo ya juu, jeraha liliingia vidudu kwa asilimia 9.4 ya wagonjwa. Katika nchi za chini, asilimia 23.2. Mtu mmoja kati ya wanne, karibu. Jeraha likioza, mshono huachia, mgonjwa hulala wiki tatu badala ya moja, na bili huongezeka kila asubuhi.

Majaribio yaliyofuata yalilenga tofauti hiyo. La kwanza, FALCON, lilichapishwa mwaka 2021 na likawa somo la unyenyekevu: dawa ghali zaidi ya kupaka ngozi na nyuzi maalumu zenye dawa ndani yake hazikushinda zile za kawaida. La pili, ChEETAh la mwaka 2022, liliuliza jambo linalokaribia kuchekesha. Je, wapasuaji wakibadilisha glavu na vyombo muda mfupi kabla ya kufunga tumbo, itasaidia? Hospitali 81 katika nchi saba, Rwanda ikiwa mojawapo, zilishiriki na wagonjwa 13,301. Majeraha yaliyooza yakapungua kutoka asilimia 18.9 hadi 16.0. Hapakuwa na mashine mpya wala dawa mpya: glavu safi, na seti ya pili ya vyombo.

Na hapo Mugunga inatukumbusha kwamba hata kitu kidogo kina gharama. Seti ya pili ya vyombo maana yake ni kununua koleo, mikasi na vishika-sindano vingine, kuvichemsha katika otoklevu, na otoklevu hutaka umeme au gesi. Hospitali yenye seti tatu na dharura nne kwa usiku haiwezi kutenga moja kwa ajili ya kufungia. Bado naona hapa ndipo pesa ya msaada ingepaswa kwenda kabla ya mambo mengine yote. Wafadhili hupenda kitu kinachopigika picha mlangoni na bango lao. Sanduku la vishika-sindano halipendezi kwenye picha.

Utafiti mwingine wa namna hiyo ulifanyika Kamuli, Uganda, na kuchapishwa Januari 2016. Wanaume 302 wenye ngiri walishonewa wavu wa kuimarisha ukuta wa tumbo, nusu wavu wa kampuni za tiba wa dola kama 125, nusu wavu uliotokana na kitambaa cha chandarua cha mbu, uliosafishwa vizuri, wa dola kama moja. Baada ya mwaka, ngiri ilirudi kwa mtu mmoja tu, katika kundi la chandarua. Kwa msukuma chukudu habari hiyo ni kubwa kuliko roboti yoyote ya upasuaji. Ngiri iliyoshonwa mchana kwa utulivu haiji kuwa dharura ya usiku.

Lakini utafiti ambao binafsi ningeubandika kwenye kila wodi ni ule wa mwaka 2018 uliofuatilia wagonjwa 11,422 katika hospitali 247 za nchi 25 za Afrika. Wagonjwa hao walikuwa vijana zaidi na wenye magonjwa machache kuliko wale wa mabara mengine, na matatizo yao baada ya kupasuliwa hayakuwa mengi kuliko kwingine. Hata hivyo vifo vilikuwa asilimia 2.1, mara mbili ya wastani wa dunia, na karibu vyote vilitokea baada ya upasuaji, si mezani. Sababu haijifichi. Mabingwa wa upasuaji, uzazi na usingizi walikuwa 0.7 kwa kila watu 100,000, wakati kamati ya jarida la Lancet ya mwaka 2015 ilitaka wasipungue 20. Usiku wodini, muuguzi mmoja ana vitanda vingi kuliko anavyoweza kuvizunguka. Joto la mwili likipanda saa nane usiku, anayeliona kwanza ni ndugu aliyelala kwenye mkeka chini ya kitanda, na yeye hajafundishwa maana yake. Mpasuaji ameshona vizuri. Mgonjwa anakufa siku ya nne.

Goma hata hivyo ina utaalamu ambao miji mingi tulivu haina, na imeupata kwa damu. Hospitali ya CBCA Ndosho, kwa msaada wa Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, imepokea majeruhi wa risasi na mabomu kwa zaidi ya miaka kumi. Ile ya HEAL Africa iliunguzwa na lava ya Nyiragongo ya Januari 17, 2002 ikajengwa upya. Mei 3, 2024 mabomu yalipoangukia kambi za Lac Vert na Mugunga na kuua watu wasiopungua 18, na tena mwishoni mwa Januari 2025 mji ulipotekwa na M23, majeruhi walilazwa hadi kwenye korido na mahema ya uani. Risasi ya tumbo ni mwalimu mkali: hutoboa utumbo mahali panne au sita, na mpasuaji lazima aukague wote kwa vidole, sentimita baada ya sentimita, kwa sababu tundu moja lililosahaulika linatosha kuua.

Katika hali hii kuna dhuluma ndogo isiyokusudiwa na mtu. Aliyepigwa risasi mara nyingi hutibiwa bila malipo, kwa sababu kuna mashirika yenye mfuko wa majeruhi wa vita. Mtoto mwenye tundu la tifoide, aliyekimbia vita hivyo hivyo na kunywa maji ya ziwa kwa sababu ya vita hivyo hivyo, anaweza kukosa mlipaji, na jamaa zake wakaombwa amana. Januari 2025 benki za Goma zilifungwa, pesa taslimu ikawa adimu, na uwanja wa ndege ukafungwa, kwa hiyo hata mwenye uwezo wa kumpeleka mgonjwa Kinshasa alikosa njia fupi. Vidonda vyote viwili vinatokana na vita. Kimoja tu ndicho kinachoonekana hivyo kwenye daftari la mapokezi.

Kuna kinga, na inafaa itajwe. Chanjo mpya ya homa ya matumbo ilipendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2018, na majaribio ya Blantyre, Malawi, yaliyochapishwa 2021, yalionyesha kwamba inawakinga watoto kwa kiasi cha asilimia 80. Kenya ilianza kuwachanja watoto wake mwaka 2025. Sindano moja. Kwa mahali ambapo choo hakichimbiki, sijui hoja inayoweza kushinda hiyo.

Kwa aliyekwisha kutoboka, kuna uamuzi mmoja ambao mpasuaji hufanya peke yake akiwa na tumbo wazi mbele yake. Ukuta wa utumbo ukiwa bado imara, hukata kingo za tundu na kulishona, huosha tumbo kwa lita nyingi za maji vuguvugu ya chumvi, na kufunga. Ukiwa umelegea kama karatasi iliyolowa, mshono hautashika. Hapo hutoa mdomo wa utumbo nje, upande wa kulia wa tumbo, na kinyesi hutokea hapo kwa miezi kadhaa hadi ndani pawe pamepona. Ni uamuzi wa busara vitabuni. Lakini utumbo mwembamba hutema maji maji mchana kutwa, na yanaunguza ngozi kama magadi. Mifuko maalumu ya kuyakinga ni ghali na haba. Mama hukata mfuko wa plastiki, hukunja kitenge kuzunguka mdomo ule mwekundu, hufunga kwa kamba ya chandarua, na kila baada ya saa mbili hutafuta maji ya kuosha, maji yale yale ya bidoni. Mtoto hupungua kwa sababu chumvi na chakula vinatokea njiani kabla ya kumfaa. Wenzake wa hema hawataki kulala karibu naye.

Miezi mitatu baadaye anapaswa kurudi ili mdomo huo urudishwe ndani na kufungwa. Upasuaji wa pili ni mwepesi kuliko wa kwanza. Tarehe imeandikwa kwenye fishi yake, pamoja na namba ya simu ya jirani na anwani: kambi, bloku, hema. Februari 2025 kambi za Mugunga zilivunjwa kwa amri ya siku tatu. Watu wakafunga shitingi zao, wakashika barabara ya Sake kuelekea vijiji ambavyo wengine walikuwa hawajaviona kwa miaka miwili. Fishi ingali kwenye kabati la hospitali. Namba ya jirani haipatikani.